Upasuaji Umekaribia: Nikae Nipumzike au Nitembee?

Nimepangiwa upasuaji baada ya wiki 6. Ndugu zangu wanasema nisijichoshe. Ni kweli?

Wanakupenda, ila hapo wamekosea. Mwili uliopasuliwa una kazi nzito ya kuponya kidonda na kupambana na vijidudu. Kazi hiyo hutaka oksijeni zaidi, na ni moyo na mapafu yanayoileta. Aliyezoea kutembea ana akiba ya nguvu. Isitoshe, kulala tu hula misuli: wazee wenye afya waliolala kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu.

Nitajijuaje kama nina nguvu za kutosha?

Daktari wa dawa za usingizi huenda akakuuliza kama unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama. Ukiwa huwezi, usimfiche.

Sina pesa za jimu.

Za nini? Kampala yote ni vilima. Panda Namirembe au Kololo kwa miguu, na safari fupi uziondolee bodaboda. Anayeishi tambarare, kama Soroti, aongeze mwendo. Uheme, lakini uweze bado kuongea. Anza na dakika 10, upande taratibu hadi 30, siku 5 kwa wiki.

Nyumbani, keti kitini kisha simama bila kushika kitu, mara 10. Mimi zoezi hili naliweka mbele ya mengine yote, maana ndilo utakalolihitaji wodini unapotaka kwenda chooni. Jizoeze pia kuvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole. Baada ya upasuaji husaidia mapafu yasijae makohozi.

Mwenye ngiri asibebe jerikeni la maji. Mwenye maumivu ya kifua, presha isiyotulia au upungufu wa damu aulize daktari kwanza.

Na chakula?

Matoke hushibisha, lakini protini yake ni kidogo. Yaandamane na maharage, karanga, mayai au mukene (dagaa). Damu ipimwe mapema, kwa kuwa vidonge vya madini chuma huchukua wiki kadhaa kuiongeza. Sigara iache leo. Wiki 4 bila moshi hupunguza matatizo ya mapafu na ya kidonda.

Nikishapasuliwa, niamke lini?

Mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake, manesi wakiruhusu. Kutembea hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni na ya nimonia. Maumivu yakikuzuia, omba dawa. Si ushujaa kuyavumilia ukiwa umelala. Jamaa anayekuuguza naye asikufanyie kila kitu, akushike mkono mtembee hadi mlango wa wodi na kurudi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, asingoje daktari apite: amwite nesi papo hapo.