Kabla hujajaza mchanga kwenye ringi ya kiuno

Mama mmoja alifika kliniki yetu ya fiziotherapia hapa Dar es Salaam akilalamika mbavu na nyonga. Alipolegeza kanga, kiuno kizima kilikuwa kimevilia damu, zambarau kushoto, kijani kulia, mfano wa mkanda uliobana mno. Kijana wake alikuwa amemtengenezea hula hupu, yaani ringi ya kuzungusha kiunoni, kwa bomba jeusi la maji, akalijaza mchanga pomoni. Mama akawa anaizungusha uani nusu saa kila jioni, na hiyo ilikuwa siku ya tano. "Dokta, nilijua inauma kwa sababu inafanya kazi," akaniambia.

Kauli hiyo nimeisikia kwa wengi, ndiyo maana naandika. Ringi nzito ya kiuno ni zoezi zuri, tena la nyumbani hasa: halina ada ya jimu, wala halikulazimishi kutoka alfajiri kukimbia barabarani. Lakini maumivu yale hayapimi kazi. Yanatoka kwenye ngozi na vimishipa vya damu vinavyopondwa kila ringi inapopita, na misuli unayoikusudia iko ndani zaidi.

Sisi watu wa pwani huanza na kosa moja, na ni kosa la wenye kipaji. Aliyekulia kwenye chakacha na ngoma za harusini anajua kukata kiuno, kwa hiyo akiingia kwenye ringi anazungusha nyonga duara kubwa, na ringi inadondoka miguuni. Ringi inataka kusukumwa. Tanguliza mguu mmoja mbele kidogo, magoti yalegee, mgongo uwe wima. Ishike ringi ilale sawa na sakafu, igandamize mgongoni, kisha irushe kwa nguvu upande mmoja. Inapopita tumboni, sukuma tumbo mbele; inapopita mgongoni, rudi nyuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ikianza kushuka, usipanue mwendo, ongeza kasi na kunja magoti kidogo.

Kinachoizuia isianguke ni msuguano kati yake na nguo uliyovaa. Ndiyo maana dera la kitambaa laini linateleza, ila fulana ya pamba inayobana inashika.

Na uzito je? Ringi nyepesi za plastiki, za aina ile iliyosambazwa na kampuni ya Wham-O huko Marekani mwaka 1958, huenda mbio sana, na mtu mzima anayejifunza hawezi kuziwahi. Ringi kubwa yenye uzito kidogo inazunguka polepole, mwili ukapata nafasi ya kuifuata. Kwa hiyo uzito kwanza ni msaada kwa mwanafunzi. Ukizidi ndipo unakuwa nyundo, inayopiga pale pale mara mamia ndani ya dakika kumi.

Tupige hesabu ya bomba la yule mama. Ringi ya mtu mzima ina upana wa kama mita 1. Ukiisimamisha sakafuni, ukingo wake wa juu unafika kati ya kitovu na kifua. Inakula bomba la mita 3 na sentimita 14. Tundu la bomba likiwa na upana wa milimita 20, humo ndani panaingia karibu lita 1 ya mchanga, na mchanga mkavu wa lita 1 una kilo moja na nusu hivi. Jumlisha bomba lenyewe, unakaribia kilo 2. Anayeanza mimi namshauri asizidi kilo 1. Bomba tupu, ncha zake zikiunganishwa vizuri, kisha likaviringishiwa vipande vya kanga kuukuu, linamtosha kabisa: kitambaa kinaongeza mshiko na kupunguza kishindo. Kulijaza mchanga nusu nako hakusaidii, maana mchanga unahamahama ndani na kuvuruga mzunguko.

Sasa faida. Watafiti wa Finland walichapisha mwaka 2019 jaribio walilolifanya kwa watu wenye uzito uliozidi. Kila mmoja alifanya wiki 6 za ringi ya kilo 1.5 na wiki 6 za kutembea. Kwenye ringi walitumia wastani wa dakika 13 tu kwa siku; kwenye kutembea, karibu hatua 10,000. Ringi ilipunguza kiuno kwa sentimita 3 hivi, mafuta ya tumboni yakapungua na misuli ya kiwiliwili ikaongezeka. Kutembea hakukufikisha hata sentimita 1 kiunoni, lakini ndiko kulikoshusha presha. Mwenye presha aisome tena sentensi hiyo. Ringi isikunyang'anye matembezi yako, na zile dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani ambazo Shirika la Afya Duniani linazishauri kwa watu wazima, usizimalizie zote kiunoni.

Anza na dakika moja au mbili, siku moja fanya, siku moja pumzika. Ngozi ikizoea, ongeza dakika moja moja hadi ufike kumi au kumi na tano. Gawa muda huo pande mbili. Kila mtu ana upande wake mwepesi, na ule mwingine unaokufanya uonekane kama hujawahi kucheza ngoma ndio usiuruke, la sivyo misuli ya upande mmoja itabebeshwa kazi yote. Sogeza meza na runinga, na watoto wakae mbali. Ringi ikichomoka ikiwa mbio inaumiza.

Wapo wa kutoigusa mpaka wazungumze na daktari: mjamzito, aliyejifungua karibuni hasa kwa upasuaji, mwenye ngiri, mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, mwenye mifupa dhaifu, aliyepandikizwa figo, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin. Na tumbo lililokua ghafla, au gumu upande mmoja, usilikimbilie na ringi. Huenda ni uvimbe wa kizazi au maji, na hayo hayaondoki kwa mazoezi. Ukiona damu kwenye mkojo baada ya zoezi, au mguu ukafa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama tulimpumzisha mpaka ngozi ikarudi rangi yake, kijana wake akaumwaga mchanga. Kabla hajaanza upya tulimpima kiuno kwa futi kamba ya fundi cherehani, na wewe fanya vivyo hivyo asubuhi kabla ya chai. Tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga, weka futi katikati yake, pumua nje kama kawaida, usiivute tumbo wala usiibane kamba. Mwanamke akifika sentimita 80, au mwanaume 94, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo imeanza kupanda. Mizani inaweza kukuangusha moyo, maana mafuta yakipungua na misuli ikiongezeka, kilo zinaweza kubaki pale pale. Futi itakuonyesha zaidi. Namba ya kwanza ya mama imeandikwa nyuma ya kadi yake ya kliniki, na tarehe pembeni. Tutapima tena wiki ya 6.