Maboma ya Ireland ambayo trekta linayazunguka

Ukipita mashambani Ireland utaona shamba zima limelimwa vizuri, halafu katikati kuna tuta la duara limejaa miti ya miiba, na trekta limelizunguka tu kama vile pale kuna kaburi la mtu. Naulizwa sana kile ni kitu gani, na kwa vile mi kazi yangu ndo akiolojia ngoja niwaeleze.

Yale ni maboma, kabisa kama tunavyolijua sisi hilo neno. Mengi yalijengwa kati ya mwaka 500 na 1000 hivi, familia inachimba mtaro wa duara, udongo inaurundika kwa ndani unakuwa tuta, ndani yake nyumba na ng'ombe usiku, maana wizi wa mifugo ulikuwa mwingi na mbwa mwitu walikuwepo. Upana mara nyingi mita 20 mpaka 50, na nchi nzima yanayojulikana yanazidi 40,000!

Baadaye watu wakahama, walioyajenga wakasahaulika, ikaja kusemwa wenye mahali ni aos sí, yaani watu wa vilima, viumbe wa ajabu kama majini. Ukikata mti pale ng'ombe wako anakufa au mtoto anaugua. Kinachonigusa mimi ni kwamba baadhi ya maboma haya yana mapito ya chini ya ardhi yaliyojengwa kwa mawe, walikuwa wanatunzia chakula na kujificha wakivamiwa. Sasa mtoto wa kijijini, miaka mia kadhaa baadaye, anaona mlango wa mawe unaingia chini ya tuta, si atasema kuna watu wanaishi kule? Naamini hapo ndo hadithi nyingi zilipopatia nguvu.

Na hadithi zenyewe hazijapotea. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule kama 50,000 waliandika waliyosimuliwa na wazazi na mababu zao, maboma yamo tele, na daftari hizo sa hivi unazisoma bure mtandaoni. Halafu 1999 kule Latoon, kaunti ya Clare, barabara kubwa ilitaka kupita kwenye mti mmoja wa miiba. Msimulizi Eddie Lenihan akapiga kelele kwamba ni kituo cha watu wa vilima wa mkoa wa Munster wakienda kupigana na wenzao wa mkoa wa Connacht, na mti ukaachwa. 2002 mtu akaukata matawi kwa msumeno, ukachipua tena.

Sheria ya kitaifa ya kulinda mambo ya kale ilipitishwa 1930, ila mi nasema wazi, hofu ndo iliyalinda haya maboma karne na karne kabla yake, na mashine kubwa zilipokuja na hofu ikapungua mengi yakasawazishwa. Ukienda, muombe ruhusa mwenye shamba kwanza, halafu tafuta lango la zamani, mara nyingi liko upande wa mashariki, ingilia hapo usipande tuta, udongo wake unamomonyoka haraka sana.