Je, wajua efa moja ni lita ngapi? Muulize kuku

Ruthu aliokota masazo shambani kwa Boazi mpaka jioni, akayapura, akapata kama efa moja ya shayiri. Ukifungua jedwali la vipimo nyuma ya Biblia, pengine utaambiwa efa ni lita 22. Fungua jedwali jingine, utakuta 36 au zaidi. Kwa lita 22 binti huyo alibeba debe lililofurika, kilo 13 au 14 hivi za shayiri. Kwa lita 40 alibeba madebe mawili. Sasa alibeba lipi?

Kinachochekesha ni kwamba Waebrania wenyewe walikuwa na hesabu safi kabisa. Ezekieli 45 yasema efa na bathi ni kipimo kimoja, ila efa hupima nafaka na bathi hupima vya majimaji kama mafuta na divai. Kumi kati yake hufanya homeri. Bathi moja ina hini sita, na hini moja ina logi kumi na mbili, kwa hiyo logi 72 hujaza bathi. Ndiyo maana Isaya anapotisha kwamba homeri ya mbegu itatoa efa moja tu, huhitaji lita kuielewa hasara: umepanda magunia kumi, umevuna moja.

Tatizo ni kuupata mguu wa kusimamia. Ukijua kimoja tu kwa lita, vyote umevijua. Lakini hakuna chombo kizima cha enzi za wafalme kilichofukuliwa kikiwa kimeandikwa “bathi”. Vilivyopatikana ni vigae. Tell Beit Mirsim, magofu ya Yuda alikochimba mtaalamu wa mambo ya kale William Albright kati ya 1926 na 1932, kilitoka kigae chenye neno “bathi”. Lakishi, mji wa kale wa Yuda, kikatoka kingine chenye “bathi ya mfalme”. Albright alikadiria ukubwa wa mitungi hiyo kutokana na vipande, akapata lita 22 hivi. Basi namba hiyo unayoiona kila mahali imezaliwa na mitungi iliyovunjika.

Namba kubwa ina mzazi mwingine. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliwaeleza wasomaji wake kwamba bathi ni sawa na sekstario 72 za Kirumi. Sekstario ilikuwa zaidi kidogo ya nusu lita, kwa hiyo bathi yafika lita 39 hivi. Lakini Yosefo aliandika zaidi ya miaka 600 baada ya mitungi ya Lakishi, na vipimo havikai palepale. Amosi alikwisha kuwakemea wafanyabiashara walioipunguza efa. Aliyewahi kuuziwa mahindi kwa gorogoro iliyobonyezwa kitako anamwelewa vizuri.

Marabi wao walipita njia ya jikoni. Kwao logi ni ujazo wa mayai sita, kwa hiyo efa ni mayai 432. Yai la nani, basi? Katika karne ya 18 rabi Yechezkel Landau wa Prague alilinganisha kipimo cha mayai na kile cha upana wa gumba, ambavyo vilipaswa kukubaliana. Havikukubaliana. Akaamua kwamba gumba halijabadilika, ila mayai ya siku zake yamepungua mpaka nusu. Ubishi huo haukufa. Katika karne ya 20 rabi Avraham Chaim Naeh alishika yai la mililita 57.6, na efa ikawa lita 24.9. Rabi mwingine, aliyejulikana kama Chazon Ish, akashika la mililita 100 hivi, ikawa lita 43. Wayahudi wengi washika dini mpaka leo hupima kikombe cha divai ya Pasaka kwa mmoja wa hao wawili.

Nami nilijaribu bahati yangu kwa bahari ya kusubu ya Sulemani, lile beseni kubwa la shaba la hekaluni: upana mikono kumi, kimo mikono mitano, ndani bathi 2,000. Ukihesabu mkono mmoja kuwa sentimita 45, na chombo kiwe pipa lililonyooka, unapata kama lita 35,800, yaani bathi isiyofika lita 18. Kikiwa duara kama bakuli, inashuka hadi 12. Halafu 2 Nyakati inasema bathi 3,000! Nikaifunga kalamu.

Mimi nasimama na 22 kwa enzi za wafalme, tena bila kuapa. Ukiikubali, omeri, sehemu ya kumi ya efa, inakuwa lita 2.2, na hapo watafsiri wa Biblia yetu ya Union walilenga shabaha. Katika Kutoka 16 hawakuandika omeri, waliandika pishi. Pishi ya pwani, ile ya vibaba vinne, ni kama lita 2.3. Msomaji wa Unguja alijua papo hapo kila Mwisraeli aliokota mana kiasi gani. Katika 2 Wafalme 6, ambako kabu, kipimo kidogo zaidi cha Kiebrania, iliitwa kibaba, shabaha ilikwenda kando: kabu ni lita 1.2, kama vibaba viwili.