Sheria ya kazi ya Bara haivuki bahari

Utaisikia Zanzibar, iwe Nungwi, Paje au hata Chake Chake: mfanyakazi wa hoteli akiachishwa kazi, huambiwa aende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi Bara), "sheria ya Tanzania ni moja." Si kweli, na kosa hili linawagharimu watu haki zao.

Kazi na ajira hazimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004, ile yenye siku 28 za likizo na saa 45 kwa wiki, inatumika Tanzania Bara tu. Zanzibar ina zake: Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Mgogoro hupelekwa Kitengo cha Kushughulikia Migogoro, kisha Mahakama ya Kazi. Hifadhi ya jamii nayo ni ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar.

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni mikataba iliyonakiliwa kutoka Dar. Soma kifungu cha mwisho mwisho, kile kinachotaja sheria itakayotumika. Kikisema "Namba 6 ya 2004" wakati kazi yenyewe iko Unguja, omba kirekebishwe kabla hujatia saini. Mwajiri naye anajiumiza: anahesabu likizo na notisi kwa vipimo visivyomhusu.

Ukishaachishwa, usingoje. Weka pamoja mkataba, hati za mshahara na barua yenye tarehe, utoe nakala. Anayeanzia CMA hukataliwa kwa kukosa mamlaka, na huku siku za kufungua shauri Zanzibar zinazidi kuyoyoma.