Mtu mkimya na simu isiyonyamaza: maswali na majibu

Mimi ni mkimya tangu utotoni. Nafanya kazi Mtumba, hapa Dodoma, na nikirudi nyumbani Nzuguni jioni nakuta mamia ya jumbe kwenye magrupu. Nachoka hata kuyafungua. Huu ni ugonjwa?

Hapana. Mtu mkimya hurudisha nguvu akiwa peke yake au na watu wachache, na wewe umeshinda ofisini na watu tangu asubuhi. Woga ni kitu kingine: mwenye woga anatamani kuwa na wenzake, ila moyo unamwenda mbio na anawakwepa. Hali hiyo inatibika.

Nikijitoa kwenye grupu la ukoo nitaambiwa nina kiburi.

Basi usijitoe. Zima sauti ya grupu. WhatsApp inakupa saa 8, wiki 1 au daima, na hakuna anayearifiwa. Ndugu hawaumii kwa sababu hukuitikia salamu za asubuhi. Wanaumia usipoonekana kwenye msiba, au mchango wa harusi ukipita kimya. Kwa hiyo zungumza mapema na anayeratibu mambo ya ukoo, awe shangazi au kaka mkubwa: "Shikamoo shangazi, magrupu nayasoma jioni tu. Kukiwa na mgonjwa au msiba, naomba unipigie." Kisha timiza upande wako. Akipiga, pokea. Mchango utume kabla hujakumbushwa. Pole itoe kwa kupiga simu. Wakimya wengi huongea vizuri sana wakiwa wawili, na mfiwa huikumbuka simu hiyo kuliko "poleni" 80 zilizofuatana.

Grupu la kamati ya harusi iliyokwisha, toka bila wasiwasi. Tangu 2022 wanaoarifiwa ni maadmini tu.

Na tiki za bluu?

Zizime, ingawa kwenye magrupu zitaendelea kuonekana.

Usiku nashindwa kuiacha simu.

Ilale sebuleni, nawe uamshwe na saa ya mezani. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi. Kama una mzazi mgonjwa, washa hali ya kutosumbuliwa na uruhusu namba yake pekee ipite.

Lini nimwone daktari?

Huzuni au kukosa usingizi kukifika wiki 2, au ukianza kuwakimbia hata wale wachache unaowapenda. Anzia kituo cha afya cha karibu, au nenda Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyopo hapahapa Dodoma. Inaniuma kwamba watu bado wanaliogopa jina hilo, maana wanachelewa kupata msaada. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, na uongozane na mtu.