Je, wajua kwa nini tusi hupunguza maumivu?

Mtu akijipiga nyundo kwenye kidole gumba, neno linalomtoka si la kurudia mbele ya wakwe. Wala halichagui, linamponyoka tu. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walitaka kujua kama neno hilo lina kazi yoyote. Wakawaomba wanafunzi wazamishe mkono kwenye maji baridi kama barafu na kuuacha humo mpaka washindwe. Zamu moja mwanafunzi alirudiarudia tusi alilolichagua mwenyewe, zamu nyingine alirudia neno la kawaida la kuelezea meza. Kwenye zamu ya tusi wengi walivumilia zaidi, kwa wastani wa sekunde 40 hivi, na moyo ulidunda kwa kasi zaidi.

Pengine ni mlio wa neno tu? Mwaka 2020 Stephens alilipima hilo pia. Yakabuniwa maneno mawili mapya: moja lina ukali wa tusi masikioni, jingine linachekesha. Hayakusaidia kitu. Tusi la kweli lilisaidia. Na katika jaribio jingine la mwaka 2011, waliozoea kutukana kutwa nzima walipata nafuu ndogo kuliko wale ambao matusi huwatoka kwa nadra.

Basi nguvu iko wapi? Haiko kwenye maana. Daktari anakuuliza kuhusu haja kubwa, maabara wanaomba kinyesi, na kuna lile neno la herufi nne ambalo tayari umelisikia kichwani. Kitu ni kile kile. Hakuna anayeshtushwa na maneno mawili ya kwanza, lakini la tatu mtoto akilisema mezani atafukuzwa. Kilichopigwa marufuku ni neno lenyewe. Ndiyo maana lugha ina tasfida, ile njia ya kuzunguka jambo kwa maneno ya adabu: mtu haendi chooni, anakwenda msalani au kujisaidia, na mwili una “sehemu za siri”.

Hapa inafaa tupange msamiati, kwa sababu mambo manne huchanganywa. Tusi humlenga mtu ili kumvunjia heshima, na kali kuliko yote ni matusi ya nguoni, yanayotaja viungo vya siri, hasa vya mama wa mtu. Laana, au kuapiza, ni kumwombea mtu mabaya. Kiapo ni kumshuhudisha Mungu kwamba unasema kweli. Kufuru ni kumkosea Mungu mwenyewe. Kuapa na kuapiza yametoka shina moja, na si ajabu: yote mawili yanaita nguvu iliyo juu ya msemaji, moja kwa ushahidi, jingine kwa adhabu. Ajabu ni neno la aliyejipiga nyundo, maana haliingii sawasawa popote. Hakumtukana yeyote, nyundo haina mama. Hata hivyo watu watasema “katukana”, kwa kuwa limetoka kwenye ghala la maneno yaliyokatazwa.

Ghala hilo halifanani kila mahali. Kila jamii hulijaza kwa kile inachokiogopa au kukitukuza. Quebec, huko Kanada, kwa miaka mingi Kanisa Katoliki lilishika shule na hospitali, na matusi makali ya Kifaransa cha huko ni tabernakulo, kalisi na hostia, yaani kisanduku, kikombe na mkate wa misa. Vitu vitakatifu kabisa! Wengi wanaoyatamka leo hawaendi hata misani, ila ukali umebaki. Waholanzi wao hutukana kwa magonjwa: saratani, homa ya matumbo, kipindupindu. Uingereza, sheria ya mwaka 1606 iliwatoza waigizaji faini ya pauni 10 kwa kulitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Siku hizi neno ambalo wakati huo lingemponza mwigizaji halimshtui mtu, ilhali maneno ya kudharau rangi au kabila la mtu yanaweza kumfukuzisha kazi.

Ubongo nao huyatendea maneno haya kivyake. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepoteza usemi. Ukimuuliza chochote, jibu lilikuwa “tan, tan”. Lakini akikasirika kwa kutoeleweka, lilimtoka tusi zima la Kifaransa lenye jina la Mungu ndani yake. Baada ya kifo chake Broca aliukuta ubongo umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele, inayohusika na kupanga maneno. Wagonjwa wa kiharusi wa aina hiyo wameonekana tena na tena: sentensi ya kuomba maji haiji, tusi linakuja. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba tusi halipangwi neno kwa neno. Huja limekamilika, likiwa limefungamana na sehemu za ndani za ubongo zinazoshughulika na hasira na hofu.

Ufungamano huo hujengwa lini? Mwaka 2003 mwanasaikolojia Catherine Harris na wenzake waliwapima Waturuki waliojifunza Kiingereza ukubwani, kwa vifaa vya vidoleni vinavyonasa jasho dogo ambalo ngozi hutoa mtu anaposhtuka. Maneno ya mwiko ya Kituruki yaliwashtua kuliko ya Kiingereza, ingawa maana waliijua vizuri. Ndiyo maana mtu hulitamka tusi la lugha ya kigeni bila kupepesa jicho, huku wenyeji wakimkodolea macho. Lakini kilichotenganisha lugha hizo mbili zaidi ya matusi ni makaripio ya utotoni, yale ya “huoni haya!” Kwa Kituruki yaliwashtua watu wazima hao. Kwa Kiingereza, ngozi karibu haikutikisika.