Uendelevu katika Biashara ya Magari: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba kujali mazingira ni gharama inayokula faida, na kwamba kampuni iliyobanwa na ushindani inaweza kuliahirisha jambo hilo hadi mauzo yatakapokuwa mazuri. Kisa cha Volkswagen kinaonyesha vingine. Mwaka 2006 wahandisi wake walibaini kwamba injini mpya ya dizeli iliyokusudiwa soko la Marekani isingeweza kutimiza viwango vikali vya oksidi za nitrojeni (gesi za moshi zinazodhuru mapafu) na papo hapo kuwavutia wanunuzi. Wangeweza kugharamia mtambo bora wa kusafisha moshi, au kuahirisha mpango wenyewe. Badala yake iliwekwa programu ya kompyuta iliyotambua kwamba gari linapimwa, ikapunguza moshi kwa muda wa kipimo tu, ilhali barabarani baadhi ya magari hayo yalitoa oksidi hizo hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Udanganyifu huo ulipofichuliwa Septemba 2015, ilidhihirika kwamba uligusa magari yapatayo milioni 11 duniani, na umeigharimu kampuni zaidi ya yuro bilioni 30, mbali na madhara kwa mapafu ya watu waliovuta moshi huo bila kujua.

Wengine hudhani kazi imekwisha paa la kiwanda likishafunikwa kwa paneli za sola. Hizo zina faida yake, lakini sehemu kubwa ya hewa ukaa ya gari la petroli au dizeli hutoka likiwa barabarani, kwa hiyo uamuzi mzito ni ule wa aina ya magari yatakayouzwa. Umoja wa Ulaya umeupa uamuzi huo bei: kampuni ambayo magari yake mapya yanavuka wastani wa hewa ukaa iliowekewa hutozwa yuro 95 kwa kila gramu iliyozidi kwa kilomita, kwa kila gari jipya lililosajiliwa. Mwenye magari milioni moja akizidisha gramu 2 tu, anadaiwa yuro milioni 190.

Ipo pia imani kwamba gari la umeme ni safi moja kwa moja. Lakini betri zake nyingi huhitaji madini ya kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika maeneo ya Kolwezi wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye mashimo yaliyochimbwa kwa mkono, ambayo mara nyingine huwaporomokea. Kampuni inaweza kuchagua betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti wala nikeli, ingawa hubeba nishati kidogo kwa uzito uleule. BMW iliamua kununua kobalti yake Australia na Moroko. Uamuzi huo unaeleweka, lakini naamini kuikimbia Kongo kunamwacha mchimbaji shimoni mwake na mnunuzi asiyemuuliza lolote. Afadhali mkataba unaodai mashimo salama, unaokataza kazi ya watoto, na unaolipa bei inayowezesha masharti hayo kutimizwa.